Chaneli ya Anna Cramling: anza na video alizo na mama yake

Kwa anayejifunza sataranji, chaneli ya YouTube ya Anna Cramling naipa alama za juu kabisa. Wanaodai kwamba watu wanamfuata kwa sura yake hawajamsikiliza. Huyu Msweden aliyezaliwa 2002 amelelewa na magrandimasta wawili (wenye cheo cha juu kabisa cha sataranji), mama yake Pia Cramling na baba yake Juan Manuel Bellón, na ujuzi huo unaonekana akicheza bustanini na watu asiowajua: anapiga soga, anacheka, huku akieleza kwa nini farasi yule hana pa kwenda.

Mimi kilichoninasa ni mfunguo wake, yaani mpangilio wa hatua za kwanza, uitwao Ng'ombe. Askari wanasogea miraba ya d3 na e3, farasi wanaishia b3 na g3, basi. Wajuzi wataukosoa, maana unamwachia mpinzani katikati ya ubao, lakini anayeanza anapata mpango bila kukariri kurasa nzima.

Mechi za dakika chache zinaenda mbio mno. Inabidi nisimamishe na kurudisha nyuma. Ila anapokaa na mama yake Pia, grandimasta tangu 1992, wakabishana hatua kwa hatua, hapo hujifunzi kwa kubahatisha. Tazama hizo kwanza.