Karatasi za moshi kwa mbegu za fynbos: zinafaa, ila si kwa kila mbegu

Anayeotesha restio, mimea ya fynbos inayofanana na matete, bila moshi anapoteza muda. Vichaka vya fynbos vya Rasi Magharibi, Afrika Kusini, vimezoea mvua za kipupwe, kiangazi kikavu na moto, na mbegu zake nyingi hulala udongoni miaka mingi hadi moshi upite. Watafiti de Lange na Boucher walilionyesha hilo mwaka 1990. Mwaka 2004 wanasayansi wa Australia wakaitambua kemikali ya moshi inayoamsha mbegu, karikini. Karatasi za moshi, zilizopata umaarufu kupitia bustani ya Kirstenbosch, ni karatasi nene za kufyonza zilizoloweshwa maji ya moshi kisha zikakaushwa.

Weka kipande kimoja kwenye kikombe, mimina mililita 50 za maji, tia mbegu na uziache saa 24. Maji hugeuka rangi ya chai na kunuka moshi vikali. Mbegu za erica, vichaka vya maua vya fynbos, ni ndogo mno, ukimwaga maji zinaondoka nayo, hivyo zichuje kwa filta ya kahawa. Panda siku hiyohiyo.

Kwa restio na erica, karatasi hizi ni bora kabisa. Kwa Leucospermum, ua la jamii ya protea, hazitoshi: ganda la mbegu yake huzuia hewa, na dawa yake ni kuloweka saa 24 kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1. Jamii ya kunde kama Podalyria huhitaji maji ya moto.

Wengi wanaolalamika kwamba karatasi "hazifanyi kazi" wamekosea msimu. Huko Rasi, panda Machi au Aprili, usiku ukishuka hadi nyuzi 10 hivi na mchana ukiwa karibu 20. Trei ikikaa kwenye joto usiku kucha, hata moshi hautasaidia. Tumia mchanga wa mto uliochanganywa na mboji ya majani yenye tindikali, usiotuamisha maji, maana kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, huiangusha kwa usiku mmoja. Samadi na mbolea za fosfeti ziwe mbali: mizizi ya protea imezoea udongo fukara, hufyonza fosforasi kupita kiasi, na majani huungua.

Wala usiongeze karatasi ya pili kwenye kikombe ukitaka mbegu ziwahi. Moshi ukizidi, huzuia mbegu kuota.