Taa na mchanga wa tangi kubwa la matumbawe: nini ununue ukiwa Tanga

Mzee mmoja mvuvi alipita kwangu, akasimama mbele ya tangi, akatikisa kichwa. "Mwanangu, bahari hiyo hapo, hii ya kwenye kioo ya nini?" Sikuwa na jibu la maana. Lakini kuna jambo moja ambalo bahari hiyo hapo inatufundisha: sisi hatuna shida ya kupasha maji moto. Miongozo mingi utakayoisoma imeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaonunua hita. Hapa Tanga kazi ni kuyapoza, na kwa sababu hiyo orodha yangu haifanani na yao.

Nazungumzia tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Hilo linabeba karibu lita 540, yaani zaidi ya nusu tani ya maji kabla hujahesabu kioo, mawe na mchanga. Ukiishi ghorofani, muulize fundi kwanza.

Tuanze na taa, maana ndizo zinazokula pesa.

Tumbawe halili mwanga lenyewe. Ndani ya nyama yake kuna miani midogo isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo inayotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Kwa hiyo unanunua taa ya kuilisha hiyo miani, si ya kupendezesha sebule. Mwanga huo hupimwa kwa kipimo cha PAR, yaani kiasi cha mwanga ambacho miani inaweza kukitumia. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150. Yale ya mifupa yenye minyama mikubwa hutaka kama 100 hadi 200. Yale ya matawi magumu hutaka 200 hadi 350. Kumbuka mwanga hupungua kadiri unavyoshuka majini, na sentimita 60 ni kina kirefu.

Namba moja kwangu ni taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, zenye buluu ya kutosha, yaani mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 420 na 480 hivi. Moja nzuri hufunika eneo la kama sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo tangi letu linahitaji tatu, au mbili ukikubali pembe ziwe na kivuli. Tatu za wati 90 zikiwaka saa tisa hula yuniti 2.4 kwa siku, kama 73 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya LUKU yako. Uzuri mwingine ni kwamba joto lake hutoka kwa juu, halishuki moja kwa moja kwenye maji. Ubaya ni feni zake. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi na vumbi vikishikana, feni inakwama na taa inajichoma. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Fungua, safisha kwa brashi kavu kila mwezi.

Usichanganye hizi na zile taa za LED nyeupe za kumulika uani. Nilizijaribu kwa ubahili wangu. Matumbawe laini yalikaa hai, ila yalionekana kahawia kama matope, na mwani ulitamalaki kwenye kioo.

Namba mbili ni tyubu za T5, zile tyubu nyembamba za floresenti. Mwanga wake umetandaa vizuri, hauna vivuli vikali, na matumbawe huupenda. Lakini tyubu sita za wati 80 ni yuniti 4.3 kwa siku, kama 130 kwa mwezi, na zote zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, kwa sababu rangi huchoka kabla tyubu haijazimika. Tyubu za buluu za aina hiyo sijawahi kuziona dukani hapa mjini. Ukiwa na mtu wa kukuagizia kila mwaka, sawa.

Za mwisho ni metali halaidi, balbu kali za gesi. Mng'aro wake majini ni wa kipekee, kama jua la saa sita kwenye mwamba wa kina kifupi, sikatai. Mbili za wati 250 hula umeme karibu sawa na zile tyubu, bado choki haijahesabiwa, na joto lake humwagika juu ya maji. Maji yakipita nyuzi 30 na kukaa huko, matumbawe huanza kuitema ile miani yake na kubaki meupe. Ndicho kilichotokea kwenye miamba ya pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto. Feni ya kupuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu, ila wakati wa masika, hewa ikijaa unyevu, nguvu yake hupungua. Kwa Tanga, halaidi achana nazo.

Mchanga sasa, na hapa sina maneno mengi. Wa kwanza ni aragonaiti, mchanga wa chokaa, punje za milimita moja hadi mbili. Sentimita nne za kina zinatosha, na hizo ni lita 36, yaani kama kilo 50. Wa pili ni kutoweka chochote, kioo kitupu. Usafi wake ni rahisi mno, ila samaki wanaofukua hawatakuwa na raha. Wa tatu ni kokoto za matumbawe, ambazo mabaki ya chakula hujificha katikati yake na kuozea humo. Ule laini kama sukari nauweka mwisho. Niliwasha pampu ya mawimbi usiku, asubuhi tangi lilikuwa jangwa lenye dhoruba na matumbawe yamefukiwa.

Na mchanga wa ufukweni? Usiufikirie. Sehemu kubwa huletwa na mito kama Zigi na Pangani, ni kwatzi, madini magumu yasiyo ya chokaa. Ukiumwagia siki bila kuona povu, hiyo si chokaa. Ukiona povu, bado hujajua una uchafu gani ndani. Tena pwani hii kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na humo huchukui mchanga wala tumbawe.

Ukifika wakati wa kupanga, mawe yakae kwanza kwenye kioo, ndipo mchanga umiminwe kuyazunguka. Kamba akifukua chini, jiwe haliporomoki. Taa mpya uwashe kwa asilimia 30, upandishe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne.