Gitaa la Besi la Jukwaani na Studio: Lipi Ununue Kwanza Ukiwa Mtwara au Lindi

Fedha za korosho zikianza kuingia, maswali ya besi huja kwa wingi. Kwaya imechanga, bendi ya harusi imepata kazi za mfululizo, kijana ameuza mzigo wake mnadani, na wote wanataka gitaa. Karibu kila anayeniuliza huanza na jina la kampuni na idadi ya nyuzi. Mimi namrudisha kwenye shingo.

Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani milimita 864, na nyuzi zake zinaivuta shingo usiku na mchana. Hapo ongeza hewa ya chumvi kuanzia Kilwa hadi Msimbati, kiangazi kikavu cha Agosti, kisha mvua zinazoingia Desemba na kukaa hadi Aprili. Mbao hupanuka, husinyaa, na shingo dhaifu hupinda. Ndiyo maana magitaa mawili ya kiwanda kimoja na bei moja yanaweza kuachana kabisa baada ya mwaka mmoja wa Pwani ya Kusini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: besi ya nyuzi nne isiyotumia betri, yenye shingo nzuri, ikipita mikononi mwa fundi anayejua kuipanga, itakufaa zaidi ya besi ya bei mara mbili inayotolewa kwenye boksi na kupigwa vivyo hivyo. Katika fedha uliyonayo, usiimalize yote kwenye gitaa. Tenga angalau sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya fundi, seti ya nyuzi, waya mzuri na mfuko mnene.

Kabla ya bei, shingo

Shika gitaa kwa upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, ulitazame kuelekea kwenye funguo za kutyunia kana kwamba unapima ubao wa dari. Ukiona shingo imejikunja kama parafujo, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha gitaa ukutani. Ugonjwa huo hauna dawa ya bei nafuu.

Shingo iliyopinda mbele au nyuma kidogo inarekebishika, maana ndani yake kuna chuma, trasirodi, kinachopingana na mvuto wa nyuzi. Bana uzi mnene kwenye freti (vijiti vya chuma vilivyolala shingoni) ya kwanza, kisha ubane pia pale shingo inapokutana na mwili. Tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ikiwa inapitisha kadi nyembamba ya karatasi, hali ni njema. Ikiwa ni pana sana au haipo kabisa, mwombe muuzaji azungushe trasirodi robo ya mzunguko mbele yako. Isipogeuka, au ikiwa imeshakazwa hadi mwisho, achana nalo.

Kisha piga kila uzi, freti kwa freti, bila spika. Usikimbilie nyimbo unazozijua, piga noti moja moja. Noti moja ikivuma peke yake, huenda freti inayofuata kuelekea mwilini imenyanyuka. Mwisho fungua programu ya kutyunia kwenye simu: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana upate sauti ya kengele, halafu ubane hapo hapo. Sauti mbili zikitofautiana, vipande vya daraja vinapaswa kusogezwa. Vikiwa tayari vimefika mwisho wa skrubu zake na tofauti bado ipo, utapata shida studio kila siku.

Unayenunua kwa simu kutoka Kariakoo, mwombe muuzaji video ya vitu hivi vyote. Gitaa litasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Mtwara, na mvua zikikata barabara Somanga litalala njiani. Kulirudisha si jambo la kesho.

1. Yamaha TRBX174 au BB234

Hizi naziweka juu bila kusita. Zote mbili hazina betri. Zote zina pikapu mbili, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi: ile iliyokatwa vipande viwili katikati, ya mtindo wa Precision, na ile nyembamba karibu na daraja, ya mtindo wa Jazz. Una volyumu mbili na toni moja, basi. Ukifungua ya katikati unapata sauti nene ya rumba, ukichanganya na ya nyuma unapata meno ya kutosha sebene inapofunguka.

TRBX174 ina freti 24 na mwili mwepesi kukaa nao usiku kucha. BB234 ina freti 21 na sauti yenye kifua zaidi. Ng'ambo TRBX174 huuzwa dola 200 na ushee. Ukijumlisha usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, tarajia bei ya hapa kupanda vizuri juu ya hapo. Kinachonifanya nizitangulize ni uthabiti wa shingo kutoka gitaa moja hadi jingine. Kwa mtu asiyeweza kujaribu matano dukani, hilo ni jambo kubwa.

2. Squier, hasa Affinity Precision PJ na Classic Vibe

Squier ni tawi la Fender, kampuni ambayo mwanzilishi wake Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951, akaibadilishia pikapu kuwa ya vipande viwili mwaka 1957, kisha akaleta Jazz Bass mwaka 1960. Kwa mpigaji wa leo faida ya historia hiyo ni vipuri. Pikapu, daraja, funguo na bamba vya vipimo hivyo hutengenezwa na kampuni nyingi duniani, kwa hiyo Squier ndiyo besi rahisi kuliko zote kuibadilisha kidogo kidogo.

Affinity hutofautiana sana moja hadi nyingine, na ndiyo maana haikushika namba moja. Classic Vibe ni bora waziwazi, ila ng'ambo tu hupita dola 400. Shingo ya Jazz ni nyembamba upande wa nati ya juu, kile kipande kinachopitisha nyuzi karibu na funguo, kama milimita 38, na ya Precision kwa kawaida hupita 41. Mwenye vidole vifupi ataiona tofauti hiyo ndani ya dakika moja.

3. Ibanez GSR200

Nyembamba, nyepesi, rafiki wa mkono mdogo na wa mwanafunzi. Ina kifundo cha kuongeza besi kinachotumia betri ya volti 9. Kwenye spika ndogo za ukumbi kifundo hicho kinasaidia, kwenye spika kubwa kinaleta tope. Mafundi mitambo wengi wa harusi tayari wamepandisha besi kwenye mikisa, nawe ukipandisha tena, sauti ya mwimbaji inazama.

4. Nyuzi tano za betri: Yamaha TRBX305, Ibanez GSR205 na ndugu zao

Najua hapa nitapingwa na vijana wa kwaya, nao wana hoja. Nyimbo za kusifu zikishuka kwenye D au C, uzi wa tano unakupa noti za chini bila kutyuni upya, na mpiga kinanda anayebadilisha ufunguo ghafla hakuachi nyuma. Kama kazi yako ni kanisani kila Jumapili na vyombo vya kanisa ni vizuri, ipandishe hadi namba mbili.

Lakini fikiria spika. Uzi wa E ulioachwa wazi hutoa mtetemo wa takriban hezi 41, na uzi wa B hushuka hadi 31. Maboksi mengi yanayokodishwa kwa shughuli yameshachoka kabla ya kufika huko, hivyo unachosikia ni mngurumo usio na noti. Besi za bei ya chini za nyuzi tano pia huwa na uzi wa B uliolegea, na shingo pana huchosha mkono usio na mazoezi. Halafu kuna betri. Waya ukiachwa umechomekwa kwenye gitaa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Uko Nanyamba saa tano usiku, watu wamesimama, besi inaanza kukwaruza na maduka yamefungwa. Anayenunua ya betri aweke nyingine mpya mfukoni, na achomoe waya kila mapumziko.

5. Yasiyo na jina, na yenye jina la kuazima

Magitaa ya seti, yanayouzwa pamoja na spika ndogo na mkanda, yananunulika kwa ajili ya kujifunza nyumbani tu, na tu kama shingo imepita majaribio ya juu. Yenye nembo kubwa ya Fender kwa bei ya Squier yaache. Tazama namba ya utambulisho, ubora wa maandishi ya nembo, skrubu zilizokaa upande. Ukishuku, nunua lililotumika la kampuni halisi kutoka kwa mwanamuziki unayemfahamu. Yamaha ya miaka kumi iliyotunzwa ni bora kuliko jipya la kughushi.

Kubadilisha: anza na kisichoonekana

Wengi huanza na pikapu kwa sababu zina majina matamu. Mimi napanga hivi.

Kwanza nyuzi na mpangilio. Seti ya 45 hadi 105, yaani unene wa nyuzi kwa maelfu ya inchi, inafaa kazi nyingi. Nyuzi laini, zisizo na mikwaruzo, ndizo zilizompa mpiga besi James Jamerson ile sauti ya duara kwenye Precision yake ya 1962 pale Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, na kwa rumba na dansi la zamani sijaona mbadala. Zinadumu pia, jambo la thamani kwetu, maana chumvi ya bahari hula nyuzi za kawaida upesi. Zenye ngozi ya kinga, kama Elixir, ni ghali lakini zinastahimili Mikindani kuliko zile tupu. Vyovyote iwavyo, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na weka vile vijipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya mfuko. Usiliegemeze gitaa chini ya bati mchana wala kuliacha ndani ya gari. Mvua zikianza na zikiisha, rudi kwa fundi akutazamie trasirodi.

Pili, mvumo wa umeme. Shughuli zetu nyingi hupigiwa jenereta au soketi isiyo na waya wa ardhi, na pikapu ya koili moja ya waya, hasa ya Jazz, huvuta mvumo wote wa umeme huo. Fundi afungue mwili, abandike utepe wa shaba kwenye mashimo ya pikapu na ya vifundo, auunganishe na waya wa ardhi wa gitaa. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo inafaa ikibandikwa vizuri, ila haishiki solda, kwa hiyo waya ubanwe kwa skrubu. Wakati huo huo abadilishe tundu la waya na vifundo vinavyokwaruza. Kwa pikapu za Precision na Jazz zisizo na betri, kifundo cha kiloomu 250 ndicho cha kawaida.

Baada ya hapo ndipo pikapu. Seymour Duncan SPB-1 inabaki na tabia ya zamani, SPB-3 ina nguvu na ukali zaidi. Pima kabla ya kuagiza: kwenye Jazz pikapu ya mbele huwa fupi kidogo kuliko ya nyuma, na wengi wamejikuta na mbili za mbele. Zile za zamani zihifadhi pamoja na skrubu zake, utakapouza gitaa mnunuzi atazitaka.

Kama ulikuwa unafikiria kuingiza saketi ya betri ndani ya gitaa, nunua badala yake kisanduku cha nje chenye tundu la XLR, lile la pini tatu, kama SansAmp Bass Driver au, kwa fedha kidogo, Behringer BDI21. Kinaingia moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi, na kitahama nawe ukibadilisha gitaa.

Na mpingo? Mti huu ni wa kwetu, Lindi na Mtwara, na dunia nzima hutengenezea klarineti na obo. Ubao wa freti wa mpingo ni kitu cha fahari, lakini kukata nafasi za freti kunataka fundi wa magitaa hasa, na kwa besi ya dola 200 gharama hailipi. Ninachokipenda ni kumpa mchongaji wa Kimakonde kazi ndogo: kiegemeo cha kidole gumba, vifundo vya volyumu, kifuniko cha daraja. Mpe kipimo cha karatasi, na uhakikishe kipande kimekauka polepole, maana mpingo ukikaushwa kwa haraka hupasuka. Nunua penye risiti. Tangu 2017 mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ingawa ala zilizokamilika zililegezewa masharti baadaye, vipande vya mbao visafirishwe na karatasi zake.

Ukiingia studio

Hapa namba moja na mbili zinajilipa. Prodyuza wa Bongo Fleva amezoea besi ya kinanda, na ukimpa sauti yenye vurugu atarudi kwenye kinanda chake. Chomeka kwenye kiolesura, kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, chenye swichi ya ala, kama Focusrite Scarlett, ukiiweka upande wa gitaa, si wa maikrofoni. Rekodi sauti kavu bila efekti, hata kama unasikiliza yenye efekti masikioni. Tumia pikapu ya katikati kama msingi, ya nyuma ongeza kwa kiasi kidogo kwenye sebene. Simu iwe mbali na gitaa, volyumu ya gitaa iwe wazi yote, tyuni kabla ya kila kipande. Na ukipiga juu ya freti ya 12, pale ndipo utakaposikia kama fundi aliyekupangia daraja aliifanya kazi yake.