Taa zilivyonigeuzia hitima kuwa taarabu

Jina la programu hii silitaji. Anayeitumia ataijua kwa ile alama ya penseli ya kurekebishia.

Nimeendesha nayo taa za nyumba yangu kwa mwaka na ushei, na kila aliyekanyaga sebule yangu hapa Tabata nimemchosha kwa kuisifia. Mandhari zake hasa. Unapanga taa unavyotaka, hii iwake nusu, ile iwe ya manjano, ile izime kabisa, unaupa mkao huo jina, na siku nyingine unagusa jina tu, taa zote zinakaa vilevile. Ninazo sita. Tunazotumia kweli ni tatu: Wageni, Daku, na Sinema. Hiyo Sinema ni ya wanangu. Inazima dari, kisha inawasha zambarau hafifu nyuma ya televisheni kama ukumbi wa starehe.

Sasa nije kwenye kisa.

Tulikuwa na hitima ya marehemu baba mkwe. Wanaume sebuleni, kina mama vyumbani na uani, juzuu zimeshagawiwa, ubani unafuka. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akaninong'oneza, "Mwanangu, hapa hatuoni maandishi." Nikasema hilo tu? Nikatoa simu, nia yangu niiongezee mwanga Wageni, nimpendeze mzee.

Orodha ya mandhari kwenye programu hii haitulii. Iliyotumika mwisho ndiyo inapanda juu. Wanangu walikuwa wametazama katuni jana yake, kwa hiyo juu ilikaa Sinema, na kidole changu kilichozoea kuikuta Wageni pale kikagusa penseli ya Sinema. Nayo penseli haikuulizi. Inaiwasha kwanza mandhari yenyewe, ndipo inakufungulia uirekebishe. Sababu naielewa, uone kwa macho unachokibadilisha. Lakini jamani, swali moja dogo tu, "niwashe?", lingewagharimu nini?

Dari ikaanza kufifia. Haikuzima mara moja, maana mimi mwenyewe kwa maringo yangu niliiwekea sekunde nne. Ikafifia kwa madaha, na zambarau ikapanda nyuma ya televisheni, mgongoni kwa shehe, mpaka kanzu yake nyeupe ikapata pindo la zambarau begani. Sauti za kisomo zikapungua, mmoja mmoja, hadi akabaki shehe peke yake, na yeye ni kwa kuwa anasoma kwa moyo. Kutoka nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe, taratibu kabisa:

"Baba Salma, leo tuna taarabu?"

Nikabonyeza kurudi nyuma. Ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Yaani hapo ndipo inajua kuuliza! Nikabonyeza ndiyo bila kusoma, nikaita Wageni. Taa za dari zikarudi, lakini zikipokezana kama bisi kwenye sufuria, moja pah, nyingine pah, kwa sababu programu inaituma amri balbu kwa balbu. Na balbu zangu ni za Zigbee, njia ya vifaa vya nyumbani kuwasiliana bila waya, nazo zinaweza kuhifadhi mandhari ndani yake zenyewe na zikawaka pamoja kwa amri moja iliyotumwa kwa kundi zima. Wao wanaenda mlango kwa mlango kama wauza maandazi.

Mwanga umerudi, wazee wameinama tena kwenye juzuu, nikashusha pumzi. Nikatazama mbele. Zambarau bado ipo.

Nikaita Wageni tena. Ipo. Nikatafuta pa kuizima Sinema. Hakuna, wala hapatakuwepo, kwa sababu mandhari haizimwi. Ikishaitwa imemaliza kazi yake, kinachobaki ni taa zilivyo. Na Wageni inagusa zile tu nilizoziandika ndani yake siku ninaitengeneza. Zile mbili za nyuma ya televisheni sikuziandika, maana siku hiyo zilikuwa zimezima na sikuziona kama zinahusika. Kwa hiyo hata ningeiita mara mia, zenyewe haziguswi.

Nikaenda kwa magoti katikati ya wazee, samahani baba, samahani mzee, nikapenyeza mkono nyuma ya kabati nikang'oa plagi. Ilikuwa ya ekstensheni, na ruta nayo imo humo. Intaneti ikakatika, programu ikapoteza habari na nyumba yangu, maana kila kitu kwao kinapitia seva yao ya ng'ambo. Afadhali. Tangu hapo hakuna taa iliyojitingisha mpaka dua ikaisha na pilau ikaliwa.

Kilichonichoma zaidi ya yote kilikuja baadaye. Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza kwa adabu, na picha za skrini nikaambatisha. Zikapita siku kadhaa. Jibu likaja kwa Kiingereza laini kama sabuni: programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na ninashauriwa nisirekebishe mandhari nikiwa na wageni. Nisome tena? Nisirekebishe mandhari ya Wageni nikiwa na wageni! Basi nirekebishe lini, wakishaondoka?

Haya, haki ya mtu mpe. Mpwa wangu, ambaye kwake anatumia Home Assistant, programu nyingine ya kuendesha vifaa vya nyumbani, alicheka kwanza kisha akanifundisha. Kila mandhari ya chumba itaje kila taa ya chumba hicho, hata ile unayotaka izime, iandike kwamba imezima. Nimefanya hivyo, na Wageni sasa inaiua zambarau. Akaniambia pia kule kwake kuna amri ya kupiga picha ya taa zilivyo kabla hujazigusa, ukimaliza unazirudisha palepale. Kwangu hakuna.

Na siwezi kuikana Daku. Ramadhani iliyopita, saa kumi usiku, taa ya ukumbi inajiwasha kwa asilimia moja, rangi ya kaa la moto, inapanda polepole hadi mwenye kuamka anaamka bila kushtuka na mtoto haachi usingizi wake. Mama Salma, ambaye vitu hivi vyote anaviita michezo yangu, alisema hiyo isiguswe. Kwa hiyo nilikuja hapa kutoa nyota moja, nikajikuta nimebonyeza tatu. Kisha nikalikumbuka lile jibu la sabuni, nikarudisha mbili. Kesho sijui.

Mama mkwe alikuja tena juzi. Alipofika mlangoni hakukaa, akasimama na mkono umenyooka.

"Baba, simu yako."

Nikampa. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake, ndipo akauliza chai iko wapi.