Diamond Head au Angel Witch: uanze na ipi?

Albamu za makundi haya mawili ni za Uingereza, mwaka 1980, na wapenzi wengi wa hevi metali hawajazisikiliza.

Lightning to the Nations ya Diamond Head ina nyimbo 7 tu. Kundi liliitoa lenyewe, kwa jalada jeupe. Kundi maarufu la Metallica lilirekodi nyimbo 4 kati ya hizo kwa sauti yao, kwa hiyo huenda "Am I Evil?" unaijua bila kujua ni ya nani. Ina zaidi ya dakika 7: ngoma nzito kwanza, kisha gitaa la Brian Tatler linashika kasi. Angalia usicheze albamu ya jina hilo ya 2020. Imerekodiwa upya na mwimbaji ni mwingine, si Sean Harris.

Angel Witch walikuwa watu watatu wa London; albamu yao ya jina hilohilo ina nyimbo 10, giza zaidi. Sauti ya Kevin Heybourne ni nyembamba, na wengine hukwama hapo. Ruka moja kwa moja hadi "Angel of Death".

Ukipenda gitaa, chukua Diamond Head. Ukitaka melodi zenye huzuni, Angel Witch, tena kwa hedifoni.