Miezi 8 na apu ya muhtasari wa tafiti za tiba: nyota 3, na ya tatu nimetoa kwa huruma

Jina la apu siliweki hapa kwa sababu bado tunavutana nao kuhusu hela yangu, nitafika huko. Ni zile apu za kulipia ambazo kila asubuhi zinakuletea tafiti mpya za tiba zikiwa zimefupishwa, unachagua idara unazotaka, moyo, figo, saratani, wazazi, watoto, afya ya akili, alafu simu inalia saa 12 asubuhi na vichwa vitano vya habari. Mi ni nesi wa wodi ya wazazi, kusoma majarida yenyewe sina muda, nikitoka zamu ya usiku hata jina langu nalisoma kwa shida, kwa hiyo wazo la apu nililipenda kuanzia siku ya kwanza.

Nianze na kizuri maana kipo. Inakutoa nje ya kisanduku chako. Mtu wa wodi ya wazazi kama mimi nisingejua kabisa kwamba Machi 2024 Marekani walipitisha resmetirom, dawa ya kwanza kabisa kwa ini lililojaa mafuta na kuanza kuweka makovu, wala kwamba Januari 2025 wakapitisha suzetrigine, ya maumivu makali, inaziba mlango wa sodiamu kwenye neva za maumivu huko huko zilipo na haimo kwenye familia ya morfini. Na ile ya selimundu waliiandika vizuri mno, nasema ukweli. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyopitishwa Uingereza Novemba 2023, kwenye utafiti wagonjwa 29 kati ya 30 walikaa angalau mwaka mzima bila yale maumivu makali ya kuwapeleka hospitali, na hawakuishia kwenye shangwe, walieleza kwamba seli zinatolewa kwa mgonjwa, zinahaririwa maabara, alafu kabla hazijarudishwa anapigwa dawa kali ya kemo kuusafisha uboho, na kemo hiyo ina athari zake ikiwemo uzazi. Niliposoma ile nikasema hapa nimepata kitu, nikalipia mwaka mzima. Haraka ya kulipa ndo iliyoniponza.

Shida ilianza nilipojaribu kuwapima. Nilichukua tafiti nilizokuwa nazijua, nikafungua muhtasari wao huku na utafiti wenyewe kule, na kila mara nakuta ugonjwa ule ule: wanapenda asilimia kubwa. Mfano utafiti wa SELECT wa 2023, ule wa semaglutide, sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito. Kichwa chao kikapiga kelele kwamba inapunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 20. Sio uongo. Ila hawakusema asilimia 20 ya nini! Watu walikuwa 17,604, wenye ugonjwa wa moyo tayari, uzito uliozidi, wasio na kisukari, umri miaka 45 kwenda juu, wakafuatiliwa kwa wastani wa miezi kama 40. Waliopata plasebo, yaani sindano bandia isiyo na dawa, asilimia 8.0 walipata tukio, waliopata dawa asilimia 6.5. Tofauti ni moja na nusu katika kila watu 100, yaani watu kama 67 wajichome kila wiki miaka mitatu na zaidi ili mmoja aepushwe. Mi naona bado ni dawa nzuri sana, kwa mtu aliyeshapata mshtuko wa moyo hiyo sio namba ya kudharau, ila mgonjwa aliyesoma kichwa kile anaelewa kingine kabisa. Na aliyegharamia utafiti ni Novo Nordisk wenyewe watengenezaji, sio dhambi, ndivyo tafiti nyingi za dawa zilivyo, lakini niandikie basi, ni mstari mmoja tu.

Lecanemab, dawa ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ndo walichemka zaidi. "Yapunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27." Sawa, watu 1,795, miezi 18, dripu kila baada ya wiki mbili. Kipimo walichotumia kinaenda kutoka 0 hadi 18 na tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa 0.45. Pointi sifuri nukta nne tano kwenye 18! Alafu kwenye kundi la dawa asilimia 12.6 walionekana na uvimbe kwenye ubongo wakipigwa picha, kundi la plasebo asilimia 1.7. Wengi wao hawakusikia dalili yoyote, ila mwenye mama nyumbani anayeanza kusahau majina ya wajukuu anastahili kuambiwa vyote hivyo kabla hajaanza kutafuta hela. Muhtasari wa apu ulikuwa na sentensi sita na neno uvimbe halimo.

Lenacapavir waliiita chanjo ya Ukimwi kwenye kichwa cha habari. Sio chanjo. Ni dawa ya kinga inayodungwa mara mbili kwa mwaka, haifundishi mwili kupambana na virusi, inakaa chini ya ngozi inatoka kidogo kidogo na kukiharibia kirusi lile ganda lake, ukiacha sindano na kinga inaisha. Niliwaandikia, wakarekebisha baada ya siku mbili, hapo nawapa heshima yao. Matokeo yenyewe hayahitaji hata kutiwa chumvi, wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliopata sindano, maambukizi sifuri. Sifuri! Sasa unaongeza nini hapo?

Kilichonikera kuliko vyote ni jinsi wanavyochagua kipi kikae juu. Kuna utafiti unaitwa E-MOTIVE, ulitoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya laki mbili waliojifungua kwa njia ya kawaida. Niliutafuta kwenye apu, nikaukuta umezikwa huko chini kabisa, mistari mitatu, hauna hata picha. Mwenzangu ukishafanya kazi wodi ya wazazi unajua damu baada ya kujifungua ni kitu gani, ni dakika, sio masaa. Walichofanya ni kumwekea mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia chini ya makalio ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, maana macho yanadanganya jamani, shuka likilowa nani anajua ni mililita 300 au 700, alafu ikigundulika inatoka nyingi mnafanya yote kwa mpigo bila kusubiriana: kusugua mji wa mimba, dawa ya kuubana, tranexamic acid ya kusaidia damu igande, dripu, na kumkagua mama ujue damu inatokea wapi. Hamna kitu kipya hapo! Kila kimoja tulishakijua. Zamani unafanya kimoja, unasubiri, unafanya kingine, unasubiri, na mama anaondoka. Matatizo makubwa, yaani kutoka damu lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa ajili ya kutokwa damu, au kufa kwa sababu hiyo, yakawa asilimia 1.6 kule walikofanya hivyo na 4.3 kwenye huduma ya kawaida. Na damu nyingi iligundulika kwa asilimia 93 ya waliokuwa nayo, kule kwingine ni kama nusu tu. Nusu! Yaani nusu ya akina mama walikuwa wanatoka damu nyingi na sisi tumesimama pembeni tunaandika kadi. Ule utafiti niliusoma mara mbili, mara ya pili nimekaa.

Kwa nini mfuko wa plastiki uko chini na sindano ya kupunguza uzito iko juu, sijui, labda plastiki haibonyezwi na watu.

Haya, sasa kisa cha baba mdogo. Apu ina sehemu ya kushea na familia, nikamuunganisha baba mdogo kwa sababu aliwahi kupata mshtuko wa moyo na anapenda kusoma. Mwisho wa Agosti 2025 zikatoka tafiti mbili siku moja kuhusu beta bloka, zile dawa za kutuliza mapigo, kwa watu waliopata mshtuko lakini moyo bado unasukuma vizuri. Moja inaitwa REBOOT, ya Hispania na Italia, watu kama 8,500, haikuona faida. Nyingine ya Norway na Denmark, zaidi ya 5,500, ikaona faida ndogo, asilimia 14.2 dhidi ya 16.3, nyingi ikiwa ni kupungua kwa mshtuko wa pili. Apu ikatuma ya kwanza asubuhi, ya pili siku mbili baadae, kila moja inajitegemea kama vile dunia haina nyingine. Baba mdogo akasoma ya kwanza akanipigia, mwanangu vidonge vyangu natupa. Nikamwambia baba, usiguse kitu, subiri tukamuone daktari. Siku mbili baadae ananipigia tena, sasa mbona wamesema vinafaa, nyie watu wa hospitali mnatuchezea?

Ukikaa nazo utaona hazigombani sana kama vichwa vinavyosema. Kila moja ilikusanya matukio tofauti kwenye hesabu yake, ile ya kaskazini ilihesabu vitu vingi zaidi, kiharusi na kuzibuliwa mishipa kwa dharura vikiwemo, na kwenye vifo zote mbili hazikuonyesha tofauti ya maana. Hiyo ndo kazi niliyowalipa waifanye. Kuziweka tafiti mbili meza moja. Daktari wake alimwelezea kwa dakika tano akaelewa, na vidonge anaendelea navyo.

Mengine kwa kifupi. Sauti ya kusomewa inafaa ukiwa njiani ila inatamka majina ya dawa kama inakula ndizi ya moto. Kutafuta tafiti za zamani ni mateso. Na hela: niliacha kuitumia baada ya miezi 8, nikasitisha kabla mwaka haujaisha, nina ujumbe wa kuthibitisha, wakakata tena mwaka wa pili, huduma kwa wateja wananijibu "tunalifanyia kazi" wiki ya nne saivi.

PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ni ya bure, iko tangu 1996, ina machapisho zaidi ya milioni 35, na ukifungua akaunti unahifadhi unachotafuta wakutumie barua pepe kikitoka kipya. Sura yake ni mbaya na hakuna wa kukutafsiria, ila kwenye muhtasari wa utafiti mara nyingi namba za makundi yote mawili zipo, unatoa mwenyewe. Mi nimeweka tahadhari tatu tu, kutoka damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, na beta bloka. Hiyo ya tatu ni ya baba mdogo, kila Jumapili ananiuliza kama vidonge vyake bado vinafaa wiki hii.