Kokeini Haina Methadoni: Tathmini ya Huduma za Kuachisha Uraibu Mombasa

Mombasa imezoea kuwatibu watu wa unga. Mtaani likitajwa neno hilo ni heroini, na heroini ndiyo iliyojenga karibu kila kitu kilichopo hapa cha kutibu uraibu: kliniki ya Kisauni ya methadoni (dawa inayotolewa badala ya heroini), kazi ya miaka mingi ya mashirika ya MEWA na Reachout, hata msamiati wenyewe wa arosto (maumivu ya kukosa unga) na soba (nyumba ya kuachia). Mraibu wa kokeini anapokuja huvishwa nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Analazwa kitanda kilekile kwa ratiba ileile, lakini ugonjwa wake haufuati njia ile.

Kinachopimwa hapa ni kifurushi chenyewe cha kulazwa kuacha kokeini, kile cha kulipia, kuanzia siku ya kuingia hadi siku ya kutoka. Hatutaji kituo. Anayetafuta pa kumpeleka ndugu yake atafaidika zaidi akijua kipi kina thamani na kipi ni pambo.

Tuanze na kinachotangazwa sana, "kusafisha mwili". Nusu ya kokeini iliyo katika damu huondoka kwa muda wa saa moja hivi. Masalia yake hubaki kwenye mkojo siku 2 hadi 4, na kwa aliyekuwa akitumia kwa wingi kila siku yanaweza kuonekana zaidi ya wiki. Ini na figo hufanya kazi hiyo bila kusukumwa. Kwa hiyo ile dripu ya kusafisha damu inayoandikwa kwenye bili ni maji, chumvi na vitamini. Humfaa aliyekaukiwa na maji mwilini, na hapo basi. Ukiona dripu tatu au nne zimepangwa kabla mgonjwa hajapimwa hata presha, hiyo ni biashara.

Chenye maana siku ya kwanza ni vipimo: presha, mapigo, joto la mwili, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo, kile cha ECG. Kokeini hubana mishipa ya moyo na kuifanya damu igande upesi, hata kwa kijana wa miaka 25. Mwenye maumivu ya kifua hapelekwi kituo cha kuachisha kabisa. Anapelekwa kitengo cha dharura, Makadara au hospitali nyingine iliyo karibu, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni kokeini. Familia nyingi hulificha jambo hili kwa aibu au kwa kuogopa polisi, kumbe kuna dawa za kushusha mapigo ya moyo ambazo daktari huziepuka akijua mgonjwa ametumia.

Baada ya hapo huja kuanguka, yaani mwili na moyo kuporomoka kokeini ikiisha. Mgonjwa analala, pengine saa 15 au zaidi kwa siku, akiamka anakula kama aliyetoka safari ya jangwani, halafu analala tena. Hali hii huchukua siku 3 au 4. Hatapiki, hatetemeki, hasimamwi na vinyweleo, wala hamwagikwi na kamasi. Hapa ndipo uzoefu wa unga unapopotosha: muuguzi aliyezoea arosto anamtazama huyu aliyelala kimya na kuandika kwamba yuko salama. Hatari yake haipo kwenye mwili ule tuliozoea kuutazama. Ipo kwenye huzuni. Siku hizi za mwanzo ndizo ambazo mtu anaweza kujidhuru, na kituo kinachojua kazi kitamuuliza wazi kama ana mawazo ya kujiua, kitaondoa kamba, mikanda na vyenye makali chumbani, na kitamtupia jicho kila dakika 15 akijibu ndiyo. Uliza nani yuko zamu saa tisa usiku. Jibu likiwa ni askari wa getini, tafuta kwingine.

Pombe ndiyo inayogeuza hesabu yote. Watumiaji wengi wa kokeini hunywa sambamba, na vitu hivyo viwili vikikutana ini huunda kemikali ya tatu, kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuutesa moyo. Tena, anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya saa 6 hadi 48, na kuweweseka kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Huyu anahitaji dawa za jamii ya diazepamu zinazopunguzwa kidogo kidogo, vitamini B1, na daktari, si mshauri nasaha peke yake. Fomu ya kuingilia isiyouliza chupa ngapi kwa siku na ya mwisho ilinywewa saa ngapi haijakamilika.

Vivyo hivyo kwa anayechanganya kokeini na unga. Huyo atapata arosto kweli, na methadoni itamfaa kwa upande wa unga, ila upande wa kokeini haitamfanyia lolote. Methadoni na kokeini zote mbili zinaweza kuvuruga mdundo wa umeme wa moyo, ndiyo maana ECG inatakiwa kabla ya dozi ya kwanza ya methadoni.

Kuhusu dawa, ukweli ni mfupi: hakuna hata moja iliyoidhinishwa mahsusi kwa kutibu uraibu wa kokeini. Topirameti na disulfiramu zimejaribiwa bila kufikia hatua hiyo. Daktari anaweza kuandika dawa ya mfadhaiko au ya usingizi, na hilo ni sawa kama mgonjwa ana mfadhaiko au hapati usingizi. Anayekuuzia sindano ya kukata hamu ya kokeini anakuuzia hewa.

Basi kazi inafanyika wapi? Kuanzia wiki ya tatu, wakati mgonjwa ameshanenepa, anacheka, na familia inaanza kuuliza kwa nini bado inalipa. Hamu hurudi wakati huo, mara nyingi kwa vitu vidogo: mshahara kuingia kwenye simu, Ijumaa jioni, barabara ya kwenda Mtwapa, jina la pusha likitokea kwenye WhatsApp. Tiba yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni ya kushangaza kwa wepesi wake: mgonjwa anapimwa mkojo mara kwa mara, na kila kipimo safi kinalipwa zawadi inayopanda. Huko Marekani, jimbo la California liliiingiza kwenye bima ya umma mwaka 2023, kwa programu ya wiki 24 yenye zawadi zisizozidi dola 599.

Hesabu yake kwa shilingi haitishi. Pima Jumatatu na Alhamisi kwa wiki 12, vipimo 24. Kipimo safi cha kwanza shilingi 100, kila kinachofuata ongeza 20, cha mwisho kitafika 560. Aliyepita vyote amepata shilingi 7,920. Akishindwa, anarudi kwenye 100 bila matusi wala mkutano wa ukoo, na anaanza kupanda tena. Zawadi iwe vocha ya duka au kredo, isiwe noti, kwa sababu pesa mkononi ni kichocheo tosha. Zawadi itoke palepale jibu linaposomwa. Ukimwambia "utapata mwisho wa mwezi" umeiua dawa. Muulize msimamizi kama wanafanya hivi. Akikujibu kwamba mraibu hapaswi kuhongwa, utakuwa umejua anasimama wapi.

Kikombe cha kupimia nacho kinahitaji macho. Ubavuni kina karatasi ya joto: mkojo uliotoka sasa hivi husoma kati ya nyuzi 32 na 38, na usomwe ndani ya dakika 4. Ukiwa chini ya hapo, umeletwa ndani ya chupa. Ukiwa mweupe kama maji, mtu amekunywa jagi zima kabla ya kuja, apimwe upya. Kwenye ukanda wa kokeini mstari wa C lazima utoke, la sivyo kipimo kimeharibika. Mstari wa T ukitokea, hata uwe hafifu kiasi gani, maana yake hakuna kokeini inayofikia kiwango, ambacho kwa vikombe vingi ni nanogramu 300 kwa mililita. Ukikosekana ndipo ipo. Ni kinyume kabisa cha kipimo cha mimba na cha malaria, na kwa kosa hili watu wasio na hatia hufokewa na wenye hatia hupongezwa. Soma kwenye dakika ya 5. Baada ya dakika 10 usikiamini tena. Kisingizio cha sindano ya ganzi ya daktari wa meno hakishiki, kwani lignokeini si kitu kinachopimwa hapo. Lakini usimhukumu aliyeingia jana: masalia yake bado yanatoka.

Pamoja na zawadi, kuwe na mazungumzo ya mmoja kwa mmoja na mtaalamu aliyesomea, angalau mara moja kwa wiki, yanayochambua vichocheo vya huyu mtu mwenyewe. Mihadhara ya ukumbini asubuhi hadi jioni ni ya kujaza ratiba. Kusomewa dua au kuombewa hakuna ubaya na wengi huwapa nguvu, mradi kusichukue nafasi ya matibabu. Mahali panapofunga watu minyororo au kuwachapa, ondoka na uripoti. Bwawa la kuogelea kwenye brosha lipe nyota sifuri. Bahari ipo pale Public Beach, ya bure.

Siku 28 za kulazwa ni kipimo cha mkoba tu. Taasisi ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani, NIDA, imeeleza kwamba chini ya siku 90 za matibabu faida huwa ndogo. Hilo halina maana ya siku 90 kitandani. Mwenye bajeti finyu ni heri alale wiki 4 na kulipia wiki 8 za kuja kliniki na kupimwa, kuliko kumaliza pesa zote kwenye kitanda. Vituo vingi havipendi kugawa bili hivyo. Bana mpaka wakubali, na mgawanyo uandikwe.

Kabla ya kulipa, omba kuona idhini ya mwaka huu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, pamoja na leseni ya kituo cha afya, na jina la daktari anayewajibika. Simu ya bure ya NACADA ni 1192, na taasisi hiyo ina kituo chake Miritini, ambacho kinafaa kuulizwa kwanza kabla ya kukopa pesa za kituo cha binafsi. Mwenye kusikia sauti au kuona watu wanaomfuata hata siku kadhaa baada ya kuacha anahitaji kitengo cha akili, kama kile cha Port Reitz.

Siku ya kutoka, mgonjwa awe na karatasi tatu: muhtasari wa matibabu, orodha ya dawa, na tarehe ya kipimo cha kwanza cha mkojo, isizidi siku 4 mbele. Aliyekuwa akichanganya na unga aambiwe, na familia isikie, kwamba dozi yake ya zamani sasa inaweza kumuua, na wapewe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi ya unga, ya kuweka nyumbani. Huokoa kwa unga, kwa kokeini haifanyi kitu. Laini ya simu ibadilishwe kabla hajavuka geti, na kwa miezi mitatu ya kwanza mshahara uingie kwenye akaunti inayohitaji saini ya pili.